Muwasho wa Elinaja

Kilichokatwa ndicho kiwashacho. Vijana wa ukoo walimsikia jirani akisema hivyo msibani, wakaenda kumuuliza Bibi Namcha neno hilo limetoka wapi. Bibi akawaambia kwamba methali hii ilianzia huku huku milimani Usangi, kwa dada wawili wa tumbo moja.

Nakundwa alikuwa mjane, amekaa peke yake miaka minne. Mdogo wake Elinaja alipoondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, Nakundwa alimchukua akamuuguze nyumbani kwake. Alimtandikia kitanda kidogo chumbani mwake, yeye akabaki kwenye kitanda chake kikubwa. Kila asubuhi alikagua kidonda. Kilipokauka na nyuzi zikatolewa, aliwaambia waliokuja kumjulia hali, "Mgonjwa amepona. Hana dalili yoyote sasa."

Elinaja alikuwa amekaa hapo hapo. Wageni walipoondoka ndipo akasema taratibu, "Dada, linaniwasha."

"Kidonda?"

"Titi. Lile lililoondolewa. Mtoto wa jirani akilia, nasikia linajaa maziwa."

Nakundwa alitazama pale palipokuwa bapa chini ya kanga. "Mdogo wangu, hapo hapana kitu. Ni mawazo tu, usiyaendekeze."

Tangu siku hiyo Elinaja hakulalamika tena. Ila mtoto wa jirani alipolia, aliacha alilokuwa akifanya, akajikumbatia upande wa kushoto. Nakundwa alidhani ni baridi, akamletea sweta.

Asubuhi moja walikuwa wakitandika pamoja, Elinaja akitumia mkono mmoja maana wa kushoto ulikuwa bado mzito. Akasimama kutazama kitanda cha dada yake. Shuka lilikuwa limekunjamana karibu na ukuta tu. Upande wa pili ulikuwa umenyooka kana kwamba haujapata kulaliwa.

"Dada, kitanda chote hiki ni chako. Mbona unajibana ukutani?"

"Huo ni upande wa shemeji yako," Nakundwa alijibu bila kufikiri.

Kisha akasikia alichokisema. Akakaa kitako juu ya kitanda, pindo la shuka mkononi.

"Nikijinyoosha naogopa nitamgonga," akasema baadaye. "Miaka minne sasa. Hata joto lake nalisikia mgongoni."

Elinaja hakumwambia kwamba hapo hapana mtu. Alikaa kando yake, wakalia wote wawili, kila mmoja na lake.

Walipotulia, Nakundwa akauliza, "Linawasha wapi hasa?"

Elinaja akanyoosha kidole hewani, mbele kidogo ya kovu.

Siku ya kliniki, Nakundwa hakumjibia mdogo wake kama alivyozoea. Alimwacha aseme mwenyewe. Muuguzi akawaambia kwamba wengi waliofanyiwa upasuaji huo huhisi hivyo, wala si wazimu, akawafundisha kuipapasa polepole ngozi iliyo karibu na kovu. Nakundwa akawa anampapasa kila jioni, huku Elinaja akimweleza titi lilivyokuwa, na watoto aliowanyonyesha. Muwasho ulipungua, haukwisha.

Watu walipouliza hali ya mgonjwa, Nakundwa hakusema tena kwamba amepona. Alikuwa na jibu moja tu, na waliomjua marehemu mumewe walielewa kuwa anasema la mdogo wake na lake pia: kilichokatwa ndicho kiwashacho.