Mkwe, Kuku na Shangingi Lililoinuliwa

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, bali zamani ya karibu, mashangingi, yale magari makubwa ya wakubwa, yalipokwisha kuzeeka mjini na kuletwa kwetu vijijini, alikuwapo mnunuzi wa karanga aitwaye Ndahani. Alikuwa na mke, Damari. Alikuwa na shangingi kuukuu, limekaa chini kama kobe aliyeshiba. Na alikuwa na mkwe, Mama Damari, aliyeishi ng'ambo ya korongo.

Sasa sikilizeni mila ya ukoo ule. Mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hamtazami usoni. Hasemi naye ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani, na mwenye heshima zaidi ndiye hutoka na miiba mingi.

Damari akajifungua mtoto wa kwanza. Siku hiyohiyo mvua ikashuka, korongo likajaa.

"Niletee mama yangu," Damari akamwambia mumewe.

"Mke wangu, korongo limejaa."

"Basi mtoto utamwogesha wewe, na uji wangu utaupika wewe. Ukitaka nafuu, mlete mama. Kwa njia yoyote!"

Ndahani akakitazama kile kitoto, kichwa kinaning'inia kama embe bichi. Akakiogopa kuliko maji. Akachukua ufunguo.

Alipoingia korongoni, maji yakaingia mlangoni, yakaketi naye kitini. Injini ikazima. Akavutwa nje kinyumenyume na ng'ombe wanne.

Akaenda kwa Luhende, fundi wa magari. "Fundi, niinulie gari hili."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kuvuka."

Luhende akalala chini ya gari. Akatoa springi fupi, akatia ndefu. Akatoa shokomzoba fupi, akatia ndefu. Gari likapanda shibiri nzima. Ndahani akarudi korongoni. Safari hii maji yaliingia kwa adabu kidogo, yakaishia miguuni, lakini injini ikakohoa, ikazima. Ng'ombe walewale wakamvuta, mmoja wao akimtazama kwa dharau.

"Springi zimefika mwisho wake," Luhende akasema. "Kilichobaki ni tairi. Nenda kwa Bi Sikudhani."

Bi Sikudhani aliuza matairi yaliyokwisha tumika, na alisifu kila moja kama mwali. Akagonga moja kwa kisigino. "Haya yametoka kwenye lori la kuchimba visima. Maji kwayo ni nyumbani."

"Mke wangu amesema nimlete mama yake kwa njia yoyote. Yataenea kwenye gari langu?"

"Yasipoenea, gari ndilo lipunguzwe."

Gari likapunguzwa. Luhende akakata madigadi ili matairi yapate kuzunguka. Akang'oa na vikanyagio vya milangoni, kwa kuwa tairi lilikuwa linavisugua. Gari likapanda shibiri ya pili. Mbuzi akapita chini yake bila kuinama. Ndahani akaparamia tairi, akajivuta kwa usukani, akajikuta amekaa juu kama mtu aliye darini.

"Beba kigoda!" Luhende akamwita.

"Nani ana muda wa vigoda?" Ndahani akajibu, akaondoka.

Na kweli, siku hiyo alivuka. Maji yalipiga kelele chini yake, naye akayapita kama hayamhusu.

Ng'ambo alikuta majirani wote wamekwisha kukimbilia shuleni, kule mlimani. Mama Damari alibaki peke yake uani, maji yanamlamba vifundo, kuku wa mzazi yuko kwapani. Alikuwa amewaambia majirani kwamba haendi mlimani, anakwenda kwa mjukuu.

Ndahani akaruka chini, akampa mgongo upesi. Sasa waseme vipi? Hapakuwa na mtu wa kupeleka maneno. Ndahani akakohoa.

"Kuku," akasema, "mwambie mkwe wangu gari limefika."

"Kuku," Mama Damari akajibu, "mwambie mkwe wangu gari nimeliona. Lakini mwenye mbawa hapa ni wewe, si mimi."

Akajaribu. Akainua mguu, haukufika. Akakanyaga tairi, lina tope, akateleza akaketi majini. Akaleta kinu, akakifudikiza apande juu yake. Maji yakakibeba, kikaenda zake. Maji yakampanda magotini.

Ndahani alisikia yote hayo kwa mgongo. Akimgusa, amevunja mila. Asipomgusa, atarudi kwa Damari na kumwambia nini?

Ndipo Mama Damari akapaza sauti: "Kuku! Mwambie mkwe wangu asukume!"

Ndahani akarudi nyuma hatua kwa hatua, akamsukuma kwa mgongo. Mama mkwe akapanda nusu, akakwama mlangoni kama gunia. Maji yakafika mapajani. Basi Ndahani akafumba macho, akageuka, akaweka viganja vyote viwili pale palipopatikana, akasukuma. Mama Damari akaingia kichwa mbele, kuku juu yake.

Njia nzima hakuna aliyesema hata na kuku.

Nyumbani walimkuta Bi Perusi, shangazi yake Damari, mshika mila wa ukoo. Luhende na Bi Sikudhani nao walikuwapo, wamekuja kuona kazi yao. Mama Damari akakimbilia mlango wa mzazi, mikono mbele. Bi Perusi akamtazama kwa nyuma. Chini ya kiuno, juu ya kitenge cheupe, palikuwa na viganja viwili vya tope, vidole kumi kamili.

"Simama hapo! Viganja vya nani hivi?"

Ndahani akatia mikono mifukoni.

"Mila imevunjwa," Bi Perusi akasema. "Mwenye kosa alete kondoo mweupe achinjwe. Mpaka hapo, bibi hamshiki mjukuu."

"Kondoo ninaye zizini," Ndahani akasema. "Mchukueni yaishe!"

"Unakiri kosa?"

"Sikiri. Nilikuwa naokoa mtu, tena aliomba mwenyewe asukumwe."

"Basi huyo wa kwako ni kitoweo tu. Kondoo wa asiye na kosa hatakasi kitu. Nataka wa mwenye kosa."

Ndahani akamgeukia fundi. "Luhende, wewe ndiye uliyeng'oa vikanyagio!"

"Nikakwambia ubebe kigoda," Luhende akajibu. "Na mimi niliinua shibiri moja tu. Shibiri moja mama huyu angepanda huku anaimba. Ya pili ni ya matairi."

"Ya pili ndiyo iliyovuka!" Bi Sikudhani akaruka. "Bila matairi yangu, mngekuwa bado mnafukuzana na ng'ombe. Tangu lini mtu akalipishwa kwa kuuza kitu kilichofanya kazi? Mwulizeni aliyesema 'kwa njia yoyote'."

Damari akasikika chumbani: "Nilisema amlete. Sikusema amsukume! Shangazi, mwacheni mama aingie, mtoto analia!"

"Na wewe, wifi?" Bi Perusi akamwuliza Mama Damari. "Nasikia uliomba kusukumwa."

"Mimi?" Mama Damari akasema. "Mimi sijasema na mkwe wangu tangu amwoe Damari. Nilikuwa nasema na kuku."

Wote wakamtazama kuku. Kuku akajikung'uta maji.

Ndani mtoto analia. Nje bibi amenyoosha mikono, haingii. Ndahani amemfunga kondoo kamba, hana wa kumkabidhi. Na Bi Perusi amekaa kizingitini, anangoja mtu mmoja aseme, "Ni mimi."

Haya, nanyi mliokaa kimya muda wote huu mkitafuna karanga, semeni upesi, mtoto asije akakauka koo: ni fundi aliyeinua na kung'oa? Ni muuza matairi? Ni binti aliyeagiza? Ni mkwe aliyedharau kigoda akasukuma kwa viganja? Au ni mama mwenyewe aliyemtuma kuku?

Je, kondoo mweupe atoke zizi la nani?