Mtungi wa Mihayo

Mvungu wa kitanda haujali cheo cha mtu. Anayetaka kitu kilichoingia humo ataishusha shingo yake, la sivyo atabaki amesimama akikitamani. Mihayo, dereva wa bodaboda wa Buhongwa, alilijua hilo kwa kiuno chake mwenyewe.

Mambo yalianza siku aliporudisha pikipiki nyuma uani na kuugonga mtungi wa maji. Mtungi ule aliufinyanga marehemu mama yake, na ndio pekee uliokuwa umesalia. Baba yake, mzee Chenge, hakumkaripia. Aliokota kipande cha shingo ya mtungi, chenye nakshi ya kamba, akakiweka dirishani. Tangu hapo alikunywa maji ya ndoo mafunda mawili tu, yaliyobaki akayamwaga. Ukimya ule ulimchoma Mihayo kuliko fimbo.

Ndipo alipokikumbuka kijiji cha ufinyanzi cha Mkolani. Kilianzishwa na akina mama baada ya mgeni wao kutoka Japani kuwasimulia kwamba kwao kuna vijiji ambavyo mgeni hanunui chombo na kuondoka, bali hukaa akakifinyanga kwa mikono yake. Mihayo alikuwa amewapeleka abiria wengi pale, lakini hakuwahi kuvuka lango.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Wilhelmina, fundi mkuu, akimwonyesha kile kipande.

"Marahaba. Nitakutengenezea mwingine kama huu."

"Hapana, mama. Aliyeuvunja ni mimi. Nitaufinyanga mimi."

Wilhelmina alimtazama juu hadi chini. "Udongo ni kazi ya wanawake, mwanangu. Watakucheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

Kazi haikuwa ya mzaha. Pale hapakuwa na gurudumu la kuzungusha chombo. Mtungi hutulia chini, na mfinyanzi ndiye anayeuzunguka kinyumenyume, mgongo umepinda kama wa mpanda mpunga. Wanawake wote waliinama. Mihayo, akiona haya kujipinda mbele yao, aliomba kigoda.

"Ukikaa upande mmoja, mtungi nao utaelemea upande mmoja," Wilhelmina alimwonya.

Sikio la Mihayo lilikuwa la kufa. Mtungi ulipofika kimo cha goti, uliyumba kama mlevi, ukaanguka. Wakati huohuo Shimba, dereva mwenzake wa kijiweni, alikuwa akishusha abiria langoni. Alipomwona, akatoa simu na kuanza kumpiga picha.

"Mihayo, siku hizi umeolewa?"

Uso wa Mihayo uliwaka, na lango lilikuwa wazi, angeweza kuondoka. Badala yake alikisukuma kigoda kando kwa mguu, akaukanda udongo upya, akainama mpaka kiuno kikalia.

"Piga vizuri, Shimba," alisema bila kuinua kichwa. "Mgongo uonekane. Na huko kijiweni waambie ninamfinyangia baba yangu."

Shimba aliirudisha simu mfukoni. Mihayo aliendelea kuuzunguka mtungi, jasho likimwingia machoni, hadi alipoizungushia shingo yake nakshi ya kamba.

Mtungi ulipokwisha kukauka na kuchomwa kwa nyasi na samadi kavu, hakuthubutu kuufunga kwenye pikipiki. Alijitwika kichwani kama alivyozoea kufanya mama yake, akapita nao katikati ya kijiwe. Wenzake walipiga miluzi. Hakugeuka, wala hakuharakisha hatua.

Nyumbani, maji yalipopoa, mzee Chenge alichota kata moja, akanywa yote. Kisha akaipapasa ile nakshi, ambayo ilikuwa imepinda kidogo.

"Kaufinyanga nani?"

"Mimi, baba."

Katika ukoo wao mzee hakuwahi kusikia mwanamume aliyegusa udongo wa vyungu. Kisha akamnyooshea mwanawe kata.

"Niongezee."

Mihayo aliuinamia mtungi kuchota, na safari hii hakuona haya hata chembe. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.