Kunde za Bibi Siwatu

Paukwa!
— Pakawa!
Mbona mnaitikia kama kuku wa mdondo? Paukwa!
— Pakawa!

Hapo zamani za kale, mbu walikuwa wakubwa kama mbuzi, babu yangu akiwakamua. Msicheke, maziwa yao nimeyanywa! Kando ya mto palikuwa na kijiji, na humo Bibi Siwatu, mzee mpaka milima ikimwamkia.

Kila masika watu waligombana. Mto utafurika tuhame bondeni, au tubaki tuvune mpunga? Bibi Siwatu akampa kila mtu kunde kumi.

"Ukiona mto unakuja, weka nyingi mbele yako. Ukiona hauji, weka chache."

Huyu tisa, huyu moja. Kelele!

"Sasa semeni mlichokiona."

Wakasema, wakaweka upya. Wakasema, wakaweka upya. Mwisho kunde za wote zikalingana. Na kila mwaka ikawa hivyo.

Mwaka mmoja, Shekuwe mrina asali aliona nyuki wa bondeni wanahama, vuuu, mpaka kwenye mvule kilimani. Alijua nyuki hawahami bure, maji yako njiani. Lakini akisema, kijiji kizima kitaujua mvule wake wa asali.

Mvuvi akasema, "Maji hayana povu."

Mfinyanzi akasema, "Udongo bado mkavu."

"Na wewe mjukuu wangu?" Bibi Siwatu akamuuliza Shekuwe, maana ndiye aliyemlea. "Msituni umeona nini?"

"Miti tu, bibi."

"Miti tu, na midomo inang'aa hivyo?"

Watu wakaangua kicheko. Shekuwe akajilamba, akaweka kunde mbili kama wenzake. Moyoni zilikuwa tisa.

"Haya, tumepatana," akasema bibi. "Mimi nakwenda kulala dunguni, nilinde mpunga."

Shekuwe akafungua mdomo. Akaufunga.

Alfajiri mto ukaja. Gudugudu! Gudugudu! Ukabeba mpunga, ukabeba dungu, ukambeba Bibi Siwatu.

Shekuwe akawapeleka wote waliosalia kwenye mvule. Asali ilitiririka mpaka magotini, lakini hakuna aliyelamba.

Toka hapo, kunde zikitolewa, yeye ndiye wa kwanza kusema: alichoona, alichosikia, hata alichoota.

Watoto humtania, "Babu Shekuwe, leo umeona siafu wangapi?"

Huwahesabia wote. Kisha hutazama pale alipokuwa akikaa bibi. Pana kunde kumi, na hakuna wa kuzigusa.

Wakipatana wote na mmoja kaficha, wamepotea wote. Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa mto. Aliyeona kitu, aseme.