Udi wa Mlango wa Zimwi

Wenzangu, nimeongopa katika miji mingi, basi anayejua kuwa naongopa anyamaze mpaka nimalize.

Zimwi lilifungua mlango ghafla, na Fundi Shekue akaanguka ndani, sikio likitangulia.

"Unagonga mara tatu bila hodi? Wa namna hiyo huwa namla!"

"Sikubisha, babu! Nilikuwa nausikiliza ubao."

Akaonyesha udi wa nyuzi uliopasuka uso, wa Bi Zuhura, aliyeacha kuimba harusini tangu ulipopasuka. Shekue aliutia ubao mbichi, ukalia kama debe. Akautia wa kasha, ukalia kama chura. Huu wa mlango, mkavu tangu enzi za mababu, alipougonga ulimjibu kwa wimbo.

"Basi uimbishe. Ukinyamaza, wewe kitoweo."

Shekue akakata kipande cha mlango, akaranda, akabandika, akakaza nyuzi. Alipopiga, udi ukaimba wimbo ambao mama yake zimwi alimbembelezea mwanawe. Zimwi likalia machozi ya ndoo nzima.

"Mpelekee huyo Bi Zuhura. Aimbe."

Shekue akalitazama tundu mlangoni, akaona haya. "Ila babu, usiku zimwi likiingia je?"

"Fundi, zimwi ni mimi."