Kibuyu cha Kwanza Rehobothi

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwishoni nitadai jibu.

Katika kitongoji cha Chilala, kwenye nchi ya ukame, waliishi majirani watatu. Mama Sechelela alikuwa na jicho: akitazama tu punda wanapoparua ardhi, alijua maji yako wapi. Ndahani alikuwa na mikono: mwamba uliowashinda wengine, yeye aliuvunja huku akipiga mluzi. Malogo alikuwa na moyo wa kuachia, na hicho hakuna aliyekihesabu kuwa kipaji. Walimcheka tu.

Mwaka mmoja kiangazi kikazidi. Wana Chilala wakachimba kisima bondeni, watu wa ng'ambo ya bonde wakaja wakidai maji ni yao. Vijana wakashika fimbo. Malogo akaingia katikati.

"Tuwaachie," akasema. "Maji tutapata kwingine. Mtoto wa mtu hatutampata kwingine."

Wakahama wakinung'unika. Wakachimba cha pili. Wakaja watu wale wale na maneno yale yale, na Malogo akaachia tena. Safari hii hata mkewe alimwita mwoga.

Mama Sechelela akatangulia mbele na ng'ombe wake mmoja, mbavu nje. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomlea mjukuu wake asiye na mama. Alizunguka nyika nzima, hata akawakuta punda wakiparua chini ya kichaka kikavu. Akachora duara kwa kisigino. "Hapa."

Ndahani akashuka. Alichimba mpaka viganja vikatoka damu. Ukuta ulimomonyoka nusura umfukie. Akapanda, akanywa uji, akashuka tena. Maji yalipotoka alipiga kelele kutoka chini, na huku juu watu wazima wakalia kwa furaha.

Watu wa ng'ambo hawakuja. Katekista Elieza akasema, "Isaka naye yalimkuta haya kule Gerari. Kisima kimoja kiligombaniwa, akakiita Eseki, yaani ugomvi. Kingine pia, akakiita Sitna, uadui. Kilichofuata hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi: Mungu ametupa nafasi."

"Basi na hiki ni Rehobothi!" wakaitikia wote.

Kasheshe ikawa kibuyu. Kwa desturi ya Chilala, mwenye kisima hutundika kibuyu chake kwenye kigingi, na mifugo yake hunywa kwanza kiangazi chote. Maji yalipanda polepole. Wa mwisho angeweza kukuta matope. Nafasi ilikuwepo, lakini kigingi kilikuwa kimoja.

"Bila jicho langu mngechimba vumbi," alisema Mama Sechelela. Alimfikiria mjukuu wake, wala hakuona haya.

Ndahani akaonyesha viganja. "Jicho lako lingepasua mwamba, mama?"

"Nisingeachia," alisema Malogo taratibu, "leo tungekuwa tunazika."

Sauti zikapanda. Malogo alipozisikia zimekuwa kama zile za bondeni, akaanza kuswaga ng'ombe wake ahame, kama kawaida yake. Mama Sechelela akamkamata mkono.

"Safari hii huendi popote, jirani. Ukiondoka, kisima hiki tutakuwa tumekipa jina la uongo."

Ndahani akaanza kucheka, Malogo naye akacheka, mwishowe hata Mama Sechelela. Wakamkabidhi vibuyu vyao.

"Tundika wewe, mama," alisema Ndahani. "Chochote utakachotundika, hatugombi."

Akasimama mbele ya kigingi. Jicho lake lililoona maji chini ya ardhi sasa halikuona kitu. Mkononi ana vibuyu vitatu: cha aliyeonyesha, cha aliyechimba, na cha aliyeachia. Nyuma yake ng'ombe wake analia kwa kiu.

Haya, wewe ambaye hukusinzia: ungetundika kipi?