Choo Cheupe cha Mchunguzi Mkuu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa pua!
— Ya kunusia mwizi!

Basi, alikuwepo Sange, kinyama kidogo kama panya, pua ndefu kama mrija. Na alikuwepo Fisi, Mchunguzi Mkuu wa msitu mzima. Ukiibiwa, ulimwita Fisi. Fisi akija alikusanya ushahidi, na ushahidi wote aliupima kwa meno. Kwacha, kwacha, kwacha. Kesi imekwisha.

Siku moja mbuzi wa harusi ya binti yake Bibi Kanga akapotea, pamoja na shanga zake nyekundu shingoni. Hazikubaki hata kwato. Fisi akaapa kwamba mbuzi huyo hakuwahi hata kumtia machoni, akatangaza kuwa mwizi ni Sange, na kwamba jioni atamla mwenyewe, kwa niaba ya sheria. Kisha akacheua.

Sange aliogopa. Lakini pua yake ilinusa ule mcheuo. Ulikuwa mbuzi mtupu.

Mchana Mfalme Tembo akaita baraza, watathmini uchunguzi unahitaji nini na miaka ijayo utakuwaje. Fisi akaomba ghala la ushahidi, liwe jirani na jiko lake. Sange naye akaomba kusema.

"Mzee wangu, mimi wa kuliwa jioni sina langu. Ila uchunguzi wa kesho unataka mtu msafi mpaka tumboni, na usafi wa tumbo huonekana chooni. Mwenye choo cheupe ndiye apewe ghala."

Fisi akaruka kwa furaha. Nani mwingine ana choo cheupe kama unga? Akakimbilia kichakani, puru, akarudi nacho juu ya jani la mgomba, akakiweka mbele ya mfalme kwa adabu zote.

"Hongera, Bwana Mchunguzi," Sange akasema. "Sasa tukipime. Ila leo si kwa meno."

Akachukua kijiti. Choko, choko. Kikadondoka kipande cha mfupa. Choko, choko. Ikadondoka shanga nyekundu, ting, ikabingirika mpaka miguuni pa Bibi Kanga, naye akaitambua, akalia na kucheka kwa pamoja.

Fisi akautazama ushahidi, na kwa mazoea yake akapanua kinywa aumeze. Tembo akamwahi kwa mkonga, fyaa kiunoni, na makalio ya Fisi hayajanyooka mpaka leo.

Funzo, wanangu: ukila mbuzi wa watu, mvue shanga kwanza.

Hadithi imekwisha. Pua zirudi usoni, na kila mtu akafukie chake.