Mstari Uliolala Kwenye Mashine ya Mayai

Tegeni masikio, wenye hukumu. Kesi yenyewe ni ndogo kama kifaranga, lakini imewashinda wote walioisikia.

Milimani Upare, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi, walikuwapo binamu watatu. Nakiete alikuwa na kipawa cha amri: maneno ambayo kompyuta huyatii aliyakumbuka kama wengine wanavyokumbuka nyimbo. Kirumbe, mchoraji wa mabango, alikuwa na kipawa cha rangi: alijua ipi itaonekana na ipi itamezwa na jirani yake. Mbonea, mwalimu wa chekechea, alikuwa na kipawa cha usingizi: akiwatazama watoto mkekani, alijua yupi kalala na yupi kalazwa tu.

Shangazi yao, Nambike, alifuga kuku weupe wenye vishungi, mbegu aliyoachiwa na mama yake. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipopita uliwamaliza wote, yakabaki mayai. Mwanawe Elineema akamtengenezea mashine ya kutotolesha, sanduku lenye taa mbili zinazoongozwa na kompyuta ndogo, kisha akaenda mafunzoni kambini, ambako simu huachwa getini.

Alasiri moja ukungu ulishuka na baridi yake. Taa ya pili, iliyotakiwa kuwaka joto likipungua, haikuwaka. Walibadilisha balbu, giza. Kuiunganisha moja kwa moja na umeme kungeyachemsha mayai. Nambike akalifunika sanduku kwa blanketi, lakini kipimajoto kikazidi kushuka, polepole, kama mtu anayesinzia.

"Wanangu," akasema, "mbegu hii ikiisha, mama yangu amekufa mara ya pili. Atakayeyaokoa mayai haya nitampa kifaranga wa kwanza. Na mnajua kifaranga wa kwanza hatolewi kwa watu wawili. Anayempokea ndiye mwenye mbegu siku nikiondoka."

Nakiete akafungua faili la programu inayoziongoza taa. Herufi nyeupe juu ya weusi, mistari juu ya mistari, yote imefanana kama punje za mchele. Akaandika amri moja: jina la programu ndogo ya kupaka rangi, nafasi, jina la faili. Akabonyeza. Mistari ikarudi imevaa rangi, maagizo kwa buluu, namba kwa zambarau.

"Na mistari inayoanza na alama hii, vijiti vinne vilivyopishana," akaeleza, "mashine huiruka. Ni maelezo ya Elineema kwa watu."

"Maelezo gani? Sioni kitu," akasema Kirumbe.

Kweli, yalikuwa yamepakwa kijivu cheusi juu ya weusi, yakazama.

Kirumbe akaguna. "Aliyechagua rangi hizi hata kibao cha choo nisingempa aandike." Nakiete akamfungulia orodha ya rangi. Kirumbe akaififisha buluu, akaituliza zambarau, maelezo akayapa rangi ya chungwa. Nakiete akarudia amri yake. Maelezo yakachomoza, moja hapa, moja kule, kama madirisha yenye taa ng'ambo ya bonde.

Mbonea aliyatazama, kichwa kimeinama upande.

"Hawa wa chungwa wote wamelala?"

"Mashine haiwaoni. Ndiyo, wamelala."

"Basi huyu kalazwa tu."

Akaugusa mstari mmoja. Wenzake walikuwa sentensi: hapa tunapima joto, hapa tunasubiri kidogo. Huo haukueleza chochote. Ulikuwa agizo kamili, na mabano yake: washa taa ya pili. Elineema alikuwa ameulaza siku ya majaribio ili mwanga usimuumize macho, akasahau kuuamsha.

Nambike mwenyewe aliifuta ile alama. Nakiete akaianzisha programu upya. Taa ikawaka, na ukungu dirishani ukawa wa dhahabu, kana kwamba chumba chote kimo ndani ya yai.

Siku zilipotimia, ganda la kwanza lilipasuka. Akatoka kifaranga mweupe, kishungi bado kimelowa.

"Wangu huyo," akasema Nakiete. "Bila amri yangu mngekuwa bado mnachambua mchele."

"Amri yako ndiyo iliyouficha mstari!" akajibu Kirumbe. "Mimi ndiye niliyeutoa gizani."

"Ukautoa, ukautazama, ukaupita," akasema Mbonea. "Wote wawili mliupita."

"Na wewe ungeuona wapi, Mwalimu, kama si chungwa langu?"

"Na chungwa lako ungelipaka wapi," akadakia Nakiete, "ukutani?"

Nambike hakucheka. Kifaranga alikuwa amesinzia katika kiganja chake, mwepesi kama pumzi, kana kwamba moyo wa mama yake Nambike unadunda ndani yake. Akaunyoosha mkono. Mikono mitatu ikanyooshwa kumpokea. Mkono wake ukabaki hewani, na mpaka leo ungali hewani.

Haya, ninyi mliosikia: kifaranga anakaribia kuamka. Je, mngemweka mkononi mwa nani?